Kuoana kwa AG ukiwa Kisumu ama Kakamega: makaratasi kwanza, tenti baadaye

Harusi nyingi huku kwetu hupangwa kinyumenyume. Kamati imeshakaa mara kadhaa, mtu wa tenti ameshakula diposi, keki imeagizwa, grupu ya WhatsApp imejaa watu wanaandika "nitatuma mwisho wa mwezi", alafu zikibaki wiki mbili ndio mtu anauliza kwani hii cheti tunatoa wapi. Wiki mbili hazitoshi. Nasema mapema ndio hata ukiishia hapa uwe umepata kitu: kama mnaoana kiserikali, ile vijana wanaita kwa AG (Mwanasheria Mkuu) na wazee wetu bado wanaita kwa DC (mkuu wa wilaya), sheria inataka notisi ya siku zisizopungua 21, na hizo siku hazianzi siku mlipokubaliana wala ile usiku ulijaza fomu kwa simu ukalala bila kulipa, zinaanza notisi ikishapokelewa na Rejistra wa Ndoa.

Tena kuna upande wa pili ambao watu husahau. Notisi haifai kupita miezi mitatu kabla ya harusi. Kwa hivyo ukiamka mapema sana pia ni hasara. Chukulia sherehe yenu ni Jumamosi ya katikati ya Desemba, wakati kila mtu amerudi nyumbani kwa Krismasi na matatu za kutoka Nairobi zimepandisha nauli: ukipeleka notisi Agosti itakuwa imekufa kabla hamjafika, ukipeleka mwisho wa Novemba hizo siku 21 hazitoshei. Mwisho wa Oktoba ama wiki ya kwanza ya Novemba ndio mahali pazuri, ndio hata kukitokea kasoro kwa karatasi uko na nafasi ya kurekebisha bila kupigia mtu simu usiku.

Sasa twende polepole.

Mnaoana kwa njia gani?

Hii ni swali la kwanza na usicheke, watu wengi hawana jibu. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua aina tano za ndoa: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Ikishaandikishwa zote ziko na hadhi sawa mbele ya sheria, kwa hivyo ile shangazi inasema kwa AG si harusi ya ukweli mwambie polepole kwamba cheti ni cheti, alafu umpatie soda.

Tofauti kubwa ni hii: ya Kikristo, ya kiserikali na ya Kihindu ni mume mmoja mke mmoja, basi. Ya kimila na ya Kiislamu sheria inachukulia kwamba bwana anaweza kuongeza mke. Dada zangu, hapo msipite mbio. Kama uliingia kwa ndoa ya kimila, wazee wakala, ng'ombe zikafika, na ulikuwa na wazo kwamba uko peke yako milele, hio wazo iko kwa roho yako tu, sheria haijaandika hivyo. Lakini kuna njia. Ndoa ya kimila ambayo bado iko na mke mmoja inaweza kubadilishwa kuwa ya mke mmoja pekee, mradi nyote wawili mtangaze kwa hiari yenu mbele ya afisa wa ndoa, iandikwe na kila mtu atie sahihi. Bwana akiwa tayari na wake wawili hio mlango imefungwa.

Na pia uzuri ni kwamba kuoana kwa AG ama kanisani na mtu yuleyule uliyemuoa kimila si kosa. Huku western ndio tunafanya hivyo kila mwaka, mtu ameishi na bibi yake miaka kumi na mitano, watoto wako sekondari, ndio sasa wanavaa suti na gauni. Hakuna shida hapo. Shida iko kwa kuoana na mtu mwingine, na hio nitaifikia.

Makaratasi, na hii stori ya majina

Kila mmoja wenu anahitaji aidii orijino na kopi, cheti cha kuzaliwa, picha za pasipoti za rangi, na afidaviti ya kuonyesha hali yako, yaani kwamba hujaoa ama hujaolewa. Afidaviti unaapa mbele ya wakili ambaye ni kamishna wa viapo, karibu na mahakama yoyote utapata ofisi zao zimepangana, Kisumu, Kakamega, Bungoma, Siaya, kote. Usiende kwa yule jamaa anasimama nje na stempu kwa mfuko. Wakili asome kitu unaapa, na wewe pia usome, maana kudanganya kwa kiapo ni kosa la jinai na si mambo ya kurekebisha na chai.

Kwenye cheti cha kuzaliwa ndipo watu wengi wa kwetu hukwama. Wengine hawana kabisa. Walizaliwa nyumbani, nyamrerwa, yaani mkunga wa kienyeji, akasaidia, hakuna mtu aliandikisha, wakapata aidii kwa kutumia makaratasi ya shule na barua ya chifu, maisha ikaendelea. Uzazi unafaa kuandikishwa ndani ya miezi sita, ikipita hapo inakuwa usajili wa kuchelewa, na hio inataka ushahidi: kadi ya kliniki kama mama aliiweka, cheti cha ubatizo, karatasi za shule, aidii za wazazi. Hii si kazi ya siku moja. Kama unajua huna cheti cha kuzaliwa, hio ndio kitu ya kwanza kufuatilia, kabla ya kununua pete, kabla hata ya kuambia watu.

Wenye wanacho nao wana shida ya majina. Aidii inasema Achieng', cheti cha kuzaliwa kinasema Achieng bila ile alama juu, cheti cha ubatizo kiko na jina la mzungu ambalo halionekani mahali pengine popote, na kwa karatasi za shule kuna jina la babu ambalo mwalimu wa darasa la kwanza aliweka kwa sababu kulikuwa na akina Wafula wanne darasani. Wewe unajua ni mtu mmoja. Afisa hajui. Chukua karatasi zako zote uziweke kwa meza zikiangaliana, usome herufi moja moja, jina, mpangilio wa majina, tarehe ya kuzaliwa. Kama tofauti ni ndogo kawaida afidaviti ya kueleza kwamba hayo majina ni ya mtu mmoja inasaidia. Kama ni jina tofauti kabisa wakili atakwambia kama unahitaji dipoli, ile hati ya kubadilisha jina, na hio inachukua muda wake. Fanya hii kazi wewe mwenyewe na pia umwambie mwenzako afanye, maana nimeona makaratasi ya bibi harusi yakiwa safi kama sahani ya Krismasi na ya bwana harusi yamejaa majina matatu tofauti, na siku zinaendelea kuisha.

Kama uliwahi kuoa ama kuolewa:

Umeachana: beba dikrii ya mahakama, ile ya mwisho kabisa, si barua ya kwamba kesi inaendelea. Na kama ndoa ya kwanza ilikuwa ya kimila usije na ile stori ya "alienda kwao mwenyewe" ama "ng'ombe zilirudishwa". Sheria ya 2014 inataka hata ndoa ya kimila ivunjwe mahakamani.

Umefiwa: cheti cha kifo cha mwendazake. Kama bado uko na ile karatasi ya kibali cha mazishi tu, nenda ubadilishe upate cheti chenyewe.

Mwenzako ni wa nje, awe mzungu ama jirani wa Uganda ama Tanzania: pasipoti yake, pamoja na karatasi kutoka kwao inayoonyesha kwamba hajaoa wala hajaolewa, na kama imeandikwa kwa lugha ambayo ofisi haisomi itafsiriwe na mtu anayetambulika. Hizo karatasi za kutoka nje huchelewa kuliko kitu kingine chochote, kwa hivyo yeye ndiye aanze kwanza.

Kitu hawatakuuliza: mahari. Kwa ndoa ya kiserikali Rejistra haulizi ng'ombe ngapi wala kama ulitoa ayie, ile pesa ya kwanza ya mahari ambayo Waluo humpa mama ya msichana. Pia haulizi kama wazazi wamekubali, mradi nyote mmefika miaka 18 na mnajua mnachofanya. Sisemi mfiche wazazi. Nasema tu kwamba mzee akikataa kwa sababu ya ng'ombe mbili zimebaki hawezi simamisha harusi yako kwa AG na hio sababu.

eCitizen

Maombi yanaanzia kwa eCitizen, upande wa Ofisi ya Mwanasheria Mkuu, huduma za ndoa. Unachagua ofisi iliyo karibu nawe. Watu wetu hawahitaji kwenda mpaka Sheria House Nairobi, ziko ofisi za Mwanasheria Mkuu Kisumu, Kakamega, Kisii, Eldoret na Nakuru, kwa hivyo mtu wa Bondo ama Ahero anashukia Kisumu, wa Mumias ama Bungoma anaenda Kakamega, wa Molo ama Naivasha anaenda Nakuru mjini. Chagua moja ubaki nayo. Ukijaza Kisumu alafu ujitokeze Kakamega na faili mkononi utaambiwa tu urudi ulikoandika.

Akaunti iwe yako. Hapa naomba mnisikize. Saiba za Kondele na za pale karibu na stendi watakujazia kila kitu haraka na hakuna ubaya kuwalipa kwa kazi yao, lakini kijana wa saiba asikufungulie akaunti kwa imeili yake na namba yake ya simu, maana ujumbe wa kukuita kwa miadi utaingia kwake, na siku unahitaji kuprinti risiti yeye ameshahama mji. Ingia na namba yako, paswadi uiandike mahali, na uhakikishe kila kitu umekiona kwa macho yako kabla hajabonyeza kutuma. Spelling ya jina kwenye notisi ndiyo itafuata mpaka kwa cheti.

Pesa: bei utaiona kwenye skrini kabla ya kulipa, pamoja na ada yoyote ya eCitizen yenyewe. Malipo ya serikali kwa eCitizen yanaingia kwa peibili 222222. Mtu akikuambia utume kwa namba yake ya simu ndio "faili isonge", jua faili haisongi, ni pesa yako inasonga. Weka risiti zote, printi na pia upige skrinshoti.

Kwa notisi utaulizwa majina yenu, umri, mahali mnaishi, hali ya ndoa ya kila mtu, kwamba nyinyi si wa damu moja, na siku na mahali mnataka kufungia ndoa. Hio ya damu wengine wanaijaza kama utani. Huku kwetu ukoo ni kitu serious na kabla ya kujaza, uliza kina nyanya vizuri, maana kuna watu walikutana Nairobi, wakapendana, wakafika dala, yaani nyumbani kwa wazee, ndio mzee akauliza "wewe ni wa kwa nani?" na kimya ikaingia. Marufuku ya sheria ni ya jamaa wa karibu, marufuku ya mila inaenda mbali zaidi, na ni heri ujue yote mawili mapema.

Notisi ikibandikwa

Mtaenda ofisini nyote wawili, na karatasi orijino. Si mmoja amwakilishe mwenzake, si dada yake, wawili wenyewe. Afisa ataangalia makaratasi, atawauliza maswali, na kama kila kitu kiko sawa notisi inabandikwa mahali watu wanaweza kuisoma. Alafu mnangoja zile siku 21.

Wengi wanafikiria hii ni foromaliti. Siyo. Hizo siku zimewekwa ndio mtu yeyote mwenye sababu ajitokeze, na huku kwetu watu wa kujitokeza hawakosi. Kuna bibi aliyeachwa Ugenya na watoto wawili, ambaye kwa Waluo ndiye mikayi, yaani mke wa kwanza, hata kama bwana amehamia Mamboleo na kujiita singo. Kuna yule alikaa na jamaa kwa simba, ile nyumba ya kijana kwa boma la wazazi, miaka mitano. Kuna baba mkwe wa zamani ambaye bado ana orodha ya ng'ombe alizopokea. Pingamizi inaandikwa, si kupiga kelele kwa mlango: mtu anasema ni nani, anahusiana vipi na nyinyi, na sababu yake ni gani. Rejistra anasikiliza, na anaangalia sababu ya kisheria. "Mimi nilimpenda kwanza" si sababu. "Huyu ni bwana yangu na hii hapa barua ya chifu na mashahidi wa ayie" ni sababu kubwa sana.

Hapo ndio wanaume wengi wanashangaa. Mtu anasema lakini ile ya kwanza haikuandikishwa popote. Ndugu yangu, kutoandikisha hakufuti ndoa. Sheria inasema pia kwamba pale ambapo mila inataka mahari ili ndoa ithibitike, hata kiasi kidogo cha ishara kinatosha kuthibitisha. Kwa hivyo ile bahasha ulipeleka kwa kina msichana ukaona ni utangulizi tu inaweza kurudi kwa meza ya Rejistra. Na mtu aliye kwa ndoa ya kimila, hata kama mila hio inamruhusu kuoa wa pili, hawezi kuchukua huyo wa pili kwa njia ya AG ama kanisani. Wa pili anaingia kwa njia ya kimila, ama haingii. Ukifanya nyingine juu ya ndoa ya mke mmoja hio inaitwa ubigami na Kanuni ya Adhabu inaiweka mpaka miaka mitano jela.

Na kamwistei je? Mmekaa tu pamoja, hakuna mzee alienda popote, hakuna mahari. Wengi wanaamini ukifikisha miaka fulani inageuka ndoa yenyewe. Haigeuki hivyo. Mahakama inaweza kudhania ndoa kutokana na vile watu waliishi, lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema hio dhana itumike kwa nadra na ikaweka masharti makali ya kuthibitisha. Kwa hivyo anayekaa kwa kamwistei akitegemea hio siku mambo yakiharibika amejiegemeza mahali pabaya, na mara nyingi ni mwanamke, na mara nyingi anajua hivyo matangani, mbele ya watu, wakati ndugu za marehemu wanaanza kuuliza wewe uliletwa na nani.

Ushauri wangu kwa mwanamke ama mwanaume yeyote anayeingia: tumia hizo siku 21 kuuliza. Nenda kwao. Ongea na majirani, si mama mkwe peke yake.

Siku yenyewe

Siku 21 zikipita bila pingamizi mnapata kibali cha kuendelea na mnathibitisha tarehe. Ofisi inafanya kazi Jumatatu mpaka Ijumaa, kwa hivyo wengi hufunga ndoa kwa AG Alhamisi ama Ijumaa alafu Jumamosi ndio sherehe ya watu wote, nyumbani ama kwa bustani karibu na ziwa, na mtu akiuliza ni lini mlioana mnachagua tarehe ya kusherehekea wenyewe.

Mnahitaji mashahidi wawili na aidii zao. Shahidi awe amefika miaka 18, aelewe lugha inayotumika ama atafsiriwe, na asiwe mlevi. Hio ya ulevi iko kwa sheria kabisa, sijaitunga, kwa hivyo yule best man wako anayeanza sherehe saa mbili asubuhi mpatie kazi ingine, kama kuchunga gari. Chukua shahidi anayefika mapema. Mkiwa na watu ishirini nje ya ofisi na shahidi mmoja bado yuko kwa matatu Maseno, mtangoja na wenye miadi baada yenu pia watangoja, na watawaangalia vibaya.

Sherehe yenyewe ni fupi. Mnaulizwa kama mmekuja kwa hiari, mnatamka maneno mbele ya Rejistra, mnavalishana pete kama mnazo, mnatia sahihi, mashahidi wanatia sahihi. Kabla ya kalamu kugusa karatasi, someni. Jina, namba ya aidii, tarehe, majina ya wazazi. Kurekebisha cheti baadaye ni safari ya pekee na hakuna mtu anataka kuifanya akiwa fungate.

Ukiwa na haraka, ama unataka mahali pengine

Kuna kitu inaitwa speshal laisensi, kibali maalum. Hii ni ya wale ambao hawawezi kungoja siku zote, labda mwenzako amekuja likizo fupi kutoka Qatar na tiketi ya kurudi iko tayari, ama wanataka ndoa ifungwe mahali ambapo si ofisi wala kanisa. Inaombwa kwa Rejistra, unaeleza sababu, na bei yake iko juu kuliko ya kawaida. Si haki yako ya moja kwa moja, ni ombi, kwa hivyo usilipie hoteli ukitegemea kwamba utapewa.

Kanisani, kwa kadhi, na kimila

Kanisani karatasi nyingi anashughulikia padri ama pasta. Matangazo yanasomwa kwa washarika kwanza, Katoliki na ACK (Anglikana) wanafanya hivyo, na kuna mafunzo ya wachumba ambayo hayarukwi. Swali moja tu la kuuliza, na uulize bila aibu: pasta, uko na laisensi ya kufungisha ndoa? Si kila anayevaa kola anayo. Makanisa madogo ya mtaani yako mengi huku, mengine pasta ndiye mwanzilishi na bibi yake ndiye mhazini, na maombi yake yanaweza kuwa moto lakini kama hajapewa laisensi na Rejistra hamna cheti cha serikali, mko na picha nzuri tu. Mwenye laisensi anajaza cheti, mnatia sahihi, na rekodi inapelekwa kwa Rejistra. Baada ya miezi kadhaa fuatilia uone kama kweli ilifika.

Waislamu wanaenda kwa kadhi, ama sheikh ama imamu aliyeruhusiwa na Rejistra kufungisha nikaha, na nayo inaandikishwa. Kisumu kuna mahakama ya kadhi.

Kimila ndio watu wa kwetu wengi wako, lakini kuiandikisha ndio wengi hawajui. Uandikishaji wa ndoa za kimila ulianza Agosti 2017. Mkishamaliza taratibu, iwe ni ayie na keny (mahari yenyewe) kwa Waluo ama vile Waluhya wa kwenu wanafanya, mnafaa kumjulisha Rejistra ndani ya miezi mitatu, alafu mnajitokeza wawili ndani ya miezi sita mkaandikishe mpate cheti. Taarifa yenu inasema ni mila ya jamii gani ilitumika, iko na tamko kwamba yanayotakiwa yamefanyika, na inatiwa sahihi na watu wazima wawili waliofanya kazi ya maana kwa hio shughuli. Hapa usiweke rafiki wa kazini. Weka jaduong', yaani mzee, aliyeongoza msafara, ama mjomba aliyepokea. Na barua ya chifu ibebe hata kama hujaambiwa, ofisi nyingi huiulizia.

Mimi naona kama mmeshatoa mahari na hamna mpango wa sherehe kubwa hii ndio njia nyepesi zaidi, na sielewi kwa nini hatuitumii. Labda ni kwa sababu haina keki.

Cheti ikiwa mkononi

Toa kopi, piga picha uhifadhi kwa imeili, orijino uiweke mahali panya na mafuriko ya Nyando hayafiki. Ongeza mwenzako kwa SHA yako (bima ya afya ya serikali), peleka kopi kwa mwajiri kama kuna pensheni ama bima, na benki. Kama mtaitumia nje ya nchi, kwa visa ama kazi, itahitaji kuthibitishwa Wizara ya Mambo ya Nje, kwa hivyo usisubiri wiki ya kusafiri.

Jina la bwana si lazima. Bibi anaweza kubaki na la kwao na ndoa iko sawa kabisa. Akitaka kulibadilisha anaenda na cheti cha ndoa abadilishiwe aidii, na hapo afuate mpangilio: aidii kwanza, alafu KRA (watu wa ushuru), benki, SHA na laini ya simu, maana ukianzia mahali pengine kila ofisi itakurudisha ulete aidii mpya.